Mama Mkwe Mezani

Enyi wazazi, na ninyi vijana mnaovaa tai, sogezeni viti. Nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja ya cité yetu, mtaa wa weusi wa mji wa Élisabethville, zamani za Wabelgiji. Nyumba ilikuwa na mapazia ya maua na meza iliyong'aa, na ndani yake mama mzima nusura afe njaa huku chakula kiko mbele yake.

Asubuhi Mama Nkandu alipofika kutoka Pweto, kando ya ziwa, kila kitu kilikuwa shwari. Binti yake, Hortense, alikuwa uani akifagia polepole, maana mimba ilikuwa kubwa, ya kujifungua wakati wowote. Alipomwona mama yake na kapu la samaki wakavu kichwani, alitupa ufagio akalia kwa furaha. Hortense alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga. Safari hii Mama Nkandu aliapa kwamba huyu atampokea kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyowapokea watoto wengi kule ziwani.

"Mama, umekonda!"

"Ni njia, mwanangu. Lori ilitutikisa sana. Washa mbabula, tupike bukari na hii samaki."

Wakawasha jiko la makaa nyuma ya nyumba, wakabandika maji ya ugali. Harufu ikapanda, na jirani yao Mwajuma, mke wa Alimasi seremala, akachungulia juu ya ua.

"Eh! Leo kwa Hortense kunanukia Pweto! Karibu, mama!"

Walikuwa bado wanacheka wakati Léonard aliporudi mchana kutoka ofisini.

Léonard, mume wa Hortense, alikuwa karani. Alikuwa anaitafuta kadi ya wale walioitwa évolués, weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ili uipate, wageni wa kamisheni ya serikali walikuja kwako bila kutoa habari, wakaangalia kitanda, choo, na hasa namna mnavyokula. Rafiki yake Kalenga alinyimwa, na watu walisema ni kwa sababu mke wake alikutwa anakula nyuma ya nyumba kwa mkono. Tangu hapo usingizi wa Léonard uliharibika.

Alisimama mlangoni akaziba pua.

"Mama, karibu," alisema, macho chini. "Lakini hapa iko muji. Muntu akifika mu muji, anakula sawa bantu ba muji. Ku meza, na uma, bote pamoja. Hii samaki, non. Banaweza kuya saa yoyote."

Akazima makaa, akabeba kapu na mbabula, akavifungia stoo pamoja na unga, akatia ufunguo mfukoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa kina Mama Nkandu, mama mkwe hafungui kinywa chake kula mbele ya mkwe. Ni haya kubwa, kama kuvuliwa nguo. Lakini haya hiyo ina dawa, na dawa anayo mkwe mwenyewe: analeta kuku na kitenge mbele ya watu, anasema, "Mama, kula nikuone." Basi, imekwisha. Kuku mmoja tu, jamani! Léonard, tangu afunge ndoa kanisani, hakuwahi kuleta hata unyoya. Alisema hayo ni mambo ya kishenzi. Na sasa alitaka mama wa watu akae uso kwa uso naye na kutafuna.

Jioni meza iliandikwa: mkate, sardini za mkebe, majani ya saladi. Mama Nkandu akakaa pale alipoonyeshwa, mikono mapajani, macho kwenye kitambaa cha meza.

"Kula, mama."

"Nimeshiba, mukwe."

"Papa Léonard," Hortense alisema taratibu, "acha nimupelekee mu chumba."

"Sahani haitoke ku meza! Nitasema mara ngapi?"

Sahani ikarudi kama ilivyokuja. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Léonard alipokwenda kazini, ufunguo ulikwenda naye. Hortense alificha vipande vya mkate ndani ya kitenge chake, akampa mama yake kwa siri, lakini mkate mkavu wa kuiba utamshikilia nani? Mama Nkandu alianza kushika kuta anapotembea. Usiku aliwaza kurudi Pweto. Kisha akamwangalia binti yake anavyopumua kwa shida, akasema moyoni: nikienda, nani atapokea mutoto?

Mwajuma hakuwa kipofu. Siku moja mchana alimwita kupitia tundu la ua, akamketisha kwenye mkeka, akamwekea bukari ya moto na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"Hapa mukwe wako haiko. Kula, ndugu yangu."

Mama Nkandu alikula huku machozi yanamdondoka. Akarudi tena siku nyingine, na nyingine, na miguu ikaanza kumtii. Mambo yangeishia hapo kwa heri, lakini Léonard alirudi mapema kuchukua kofia aliyosahau, akamkuta mama mkwe wake kwenye uwanja wa Alimasi, vidole ndani ya sombe.

"Unanipakaa matope!" alipiga kelele. "Mama mukwe yangu anaomba chakula ku bantu!"

"Hakuomba," Mwajuma alisema. "Ni miye niliita."

"Miye sikukuuliza!"

Siku hiyohiyo tundu la ua lilipigiwa mbao, na Mama Nkandu akakatazwa kutoka nje. Hortense alilia, akasihi, akapiga magoti na tumbo lake lile. Léonard alijibu kwamba ni kidogo tu, wageni wakishapita kila mtu atakula anavyotaka. Njaa ya mwenzako siku zote ni kidogo tu!

Wageni walikuja Jumapili, Wazungu wawili na karani mmoja mweusi, familia ikiwa mezani. Léonard alikuwa anatoka jasho ndani ya koti. Wale waliangalia visu, wakaangalia glasi, wakasimama pembeni kutazama.

"Mama, kula," Léonard alinong'ona, akicheka kwa meno tu. "Kidogo tu. Banatuangalia."

Mama Nkandu aliushika uma. Alitaka kumsaidia, Mungu ni shahidi. Alimfikiria binti yake, akainua mkono hadi kidevuni, mkono ukaishia hapo. Haya aliyofundishwa tangu usichana ilimkaba. Aliweka uma chini, akasimama ili atoke, chumba kikazunguka, akaanguka na kitambaa cha meza mkononi, sahani zote juu yake.

Hortense alipiga ukelele, akajitupa kumwinua. Hapohapo uchungu ukamshika, maji yakatiririka sakafuni.

"Huyu mama anaumwa nini?" karani wa wageni aliuliza.

Léonard akafungua mdomo, lakini Hortense alimtangulia, na sauti yake ilisikika hadi barabarani.

"Haumwe! Iko na njala!"

Mwajuma aliingia bila hodi, akafukuza wanaume wote nje. Mama Nkandu alilazwa kwenye mkeka, chumba cha pili. Alimsikia mwanawe anaugua upande wa pili wa ukuta, akajaribu kuamka, akaanguka tena. Walimpa kikombe cha maji, mikono ikatetemeka, kikamwagika. Na mikono hiyo ndiyo ingemshika mtoto?

"Nipelekeni!" alilia. "Nilikuya sababu ya huyu mutoto!"

Mtoto alitoka kimya, bila sauti. Mwajuma hakuwa mkunga, alianza kumwita Mungu. "Mugeuze kichwa chini!" Mama Nkandu alipaza sauti kutoka kwenye mkeka. "Mupige mugongo! Usiache, mupige!" Mwajuma akapiga, akapiga tena. Kisha kikasikika kilio chembamba, kikakatika, kikaanza tena, chenye nguvu.

Alikuwa msichana, na aliishi.

Mnataka kujua, Léonard kadi aliipata? Aliipata, maana wageni waliandika visu na glasi, njaa hawakuiandika. Ilikaa ukutani miaka mingi, na Hortense aliifuta vumbi bila kuitazama.

Siku ile Hortense na mtoto walipotolewa nje kwa mara ya kwanza, Léonard alifungua stoo. Samaki wa Pweto walikuwa wameliwa na wadudu, kapu limebaki unga na miiba. Alikaa chini sakafuni, na suti yake, akalia. Kisha akaenda sokoni, akarudi na kuku na kitenge, akapiga magoti uwanjani kwa Alimasi, Mama Nkandu akiwa ameketi mbele ya chakula cha Mwajuma, majirani wote wakiona.

"Mama, kula nikuone."

Mama Nkandu alipokea kitenge. Akamega bukari, akachovya kwenye sombe, akala mbele yake bila kuficha uso. Léonard akaitazama ile mikono.

"Nimekula, mukwe," alisema. "Minakusamehe. Lakini ile siku mikono yangu ilipaswa kupokea mutoto, ile siku haitarudi tena."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kula kama watu wa mji si dhambi. Uma si dhambi, sardini si dhambi. Dhambi ni kumpokea mgeni kwa ajili ya macho ya watu wengine, ukasahau tumbo lake. Ukitaka mzazi ale chakula chako kwa njia yako, kwanza mfungulie njia kwa heshima yake yeye. Wazungu waliokuwa wanaangalia meza ya Léonard wamekwenda kwao. Mama Nkandu angali ndiye bibi wa mtoto. Basi wewe unayenisikiliza, mgeni wako leo amekula?