Neno Lililotiwa Kiraka

Kamusi hakuwa na haja ya kuzunguka nyuma anapotoka shuleni. Aliingia kwa mlango wa mbele, akatupa mkoba juu ya kochi lililofunikwa na vitambaa, akachukua sumaku iliyofungwa kwenye uzi na kuanza kuikokota sakafuni. Chumba hicho cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya shangazi yake, fundi wa nguo, na kazi ya Kamusi ilikuwa kuokota pini kabla hazijaokotwa na nyayo za watu.

Kamusi halikuwa jina lake. Alipachikwa jina hilo na wenzake kwa sababu ya desturi ya mwalimu wao wa sayansi. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, mwanafunzi mmoja alisimama mbele na neno moja la mwili au la ugonjwa, akaeleza maana yake na lilikotoka. Mwalimu aliita kazi hiyo kukagua pasipoti ya neno. Wengine walieleza neno lao kwa sauti ya mbu, wakakimbilia kuketi. Kamusi alikuja na maneno matatu. Alieleza kwamba chanjo imetokana na kuchanja, kwa kuwa zamani ngozi ilichanjwa kidogo ndipo kinga ikatiwa. Alieleza kwamba seli, kwa Kilatini, ni chumba kidogo, maana aliyeziona kwanza kwa darubini aliona vyumba vidogovidogo vimepangana. Bakteria nao, kwa Kigiriki, walikuwa vijiti. Darasa zima lilipiga makofi, na Kamusi aliyapenda makofi kuliko wali.

Sasa, mtu aliyezoea makofi hupata tabu siku anapoulizwa asilolijua. Siku moja njiani, mwenzake alimuuliza mbele ya wengine kwa nini neno pepopunda likamtaja punda. Kamusi hakujua. Lakini kunyamaza aliona aibu, akajibu bila kupepesa macho kwamba punda ndiye aliyewaambukiza watu wa kwanza. Jibu hilo hakulisoma popote. Alilitunga huku anatembea. Hakuna aliyembishia, na uongo usiobishiwa huota mizizi upesi.

Shangazi yeye alikuwa mtu wa kipimo. Jioni hiyo hiyo mteja mmoja alileta kitambaa cha maua, akataka gauni la mikono mirefu. Shangazi alikitandaza mezani, akakipima, akakikunja tena.

"Hakitoshi mikono," alisema. "Nikushonee gauni lisilo na mikono, au uniletee kingine kinachofanana na hiki."

"Si uunge tu chini ya kwapa, dada? Nani ataona?"

"Wewe utaona, siku ya kwanza ukiinua mkono. Kimeishia hapa, mama. Siwezi kukuongopea kwa kiraka."

Mteja alinuna, akachagua gauni lisilo na mikono. Kamusi alisikia yote akiwa chini ya meza na sumaku yake, wala hakuona kwamba yanamhusu.

Wiki iliyofuata shangazi alifunga karakana asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na mafua. Aliporudi hakusema alikotoka. Aliketi kwenye cherehani na kushona bila kuimba. Kamusi alipofika kutoka shuleni, shangazi alimuuliza huku macho yake yako kwenye sindano.

"Kamusi, wewe mjuzi wa maneno. Hebu niambie, saratani ni nini?"

Moyo wa Kamusi ulifurahi. Neno hilo alikuwa amelitafuta karibuni ili aje nalo Ijumaa ya zamu yake. Alisimama wima na sumaku yake mkononi, kama yuko mbele ya darasa.

"Saratani limetoka Kiarabu, shangazi. Maana yake ni kaa, yule wa baharini mwenye magando. Na ukisema kansa, hilo limetoka Kilatini, na maana yake ni kaa vilevile."

"Kaa," shangazi alirudia. "Kwa nini kaa?"

Hapo kitabu alichokisoma kilikuwa kimeishia. Kilisema ni kaa, basi. Kamusi alitafuta kichwani, hakukuta kitu. Lakini shangazi alikuwa ameacha kushona na anamngojea.

"Kwa sababu kaa akishika haachii," alisema. "Akishamkamata mtu ndiyo basi tena. Ndiyo maana wakaliita hivyo."

Shangazi hakupiga makofi. Aligeuza gurudumu la cherehani, akasema, "Haya. Okota pini."

Tangu siku hiyo shangazi alibadilika, na mwanzoni Kamusi aliona amebadilika kwa uzuri. Alimfundisha kutia uzi kwenye cherehani, kifaa ambacho zamani hakuruhusiwa hata kukigusa. Alimwonyesha jinsi ya kukata kola. Alimalizia nguo za wateja wote, hata za wale wasio na haraka, na nguo mpya hakupokea. Siku moja alifungua mtoto wa meza, akatoa mkasi wake mkubwa wa chuma.

"Huu utakuwa wako," alisema.

"Na wewe utatumia upi?"

"Utakuwa wako, nimesema. Usiulizeulize."

Kamusi alifurahia mkasi. Mama yake, alipouona, hakufurahi. Alimtazama wifi yake wakati wa chakula, akamuuliza kama anaumwa. Shangazi akajibu kwamba ni uchovu tu, umri nao unakwenda.

Kilichofichwa kilikuja kufichuliwa na gauni la bluu. Mwenye gauni hilo alikuwa muuguzi wa hospitali, jirani yao wa mtaa wa pili. Alikuja kulichukua, akalijaribu mbele ya kioo, akalisifu. Kisha akapunguza sauti, ila si kiasi cha kumzuia mtu aliye nyuma ya pazia anakunja vitambaa.

"Dada, majibu yako yako tayari tangu wiki mbili zilizopita. Ile nyama tuliyokutoa kwenye titi imeshapimwa. Daktari anakuulizia kila siku, na simu hupokei. Mbona huji?"

"Majibu ya nini tena? Daktari alishalitaja jina la ugonjwa wenyewe."

"Alisema huenda ni saratani, tupime kwanza."

"Basi ni hiyo. Na huyo kaa akishashika haachii, ndugu yangu. Hata mtoto wa hapa nyumbani anajua. Ya nini nikafunguliwe vidonda bure? Acha nimalize kazi za watu."

Muuguzi alibembeleza, akakumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi alimkunjia gauni lake vizuri, akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni.

Nyuma ya pazia, Kamusi alikuwa ameshika kitambaa kilekile bila kukikunja. Maneno yale aliyatambua. Yalikuwa yake, yametoka kinywani mwake mwenyewe. Alitamani kukimbilia chumbani. Angeweza kunyamaza, na shangazi asingejua kamwe kwamba neno aliloambiwa lilitiwa kiraka. Lakini angenyamaza, shangazi naye angeendelea kumaliza kazi za watu, na baada ya hapo asingeanza nyingine.

Alitoka.

"Shangazi, ile ya kaa haachii niliitunga."

"Unasema nini?"

"Saratani ni kaa, hilo nililisoma. Lakini uliponiuliza kwa nini, sikujua. Niliona haya kusema sijui, nikatunga. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ni mimi tu."

Shangazi aliketi polepole kwenye kiti cha wateja. Kamusi akaanza kulia. Shangazi hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Niliacha kulala kwa maneno yako," alisema. "Nimegawa mpaka mkasi."

"Nisamehe, shangazi. Chukua mkasi wako."

"Nitauchukua, wala usifikiri nitausahau." Alijifuta macho kwa ncha ya futi yake ya kupimia. "Kamwite mama yako. Kesho tunakwenda. Na wewe unakuja. Wewe ndiye uliyeniletea huyo kaa, utakuja usikie mwenyewe anavyoelezwa."

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, chenye meza, viti vitatu na beseni la kunawia mikono. Kamusi alisimama ukutani. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, hakuzunguka mbuyu.

"Ndiyo, ni saratani," alisema.

Mama ya Kamusi alimshika wifi yake mkono. Shangazi aliinua kidevu kuelekea ukutani. "Muulize sasa," alimwambia Kamusi. "Muulize swali lile ulilonijibu mimi."

Kamusi alisogea hatua moja mbele. "Daktari, kwa nini iliitwa kaa?"

Daktari alivua miwani. "Ni jina la kale sana. Inasemekana matabibu wa zamani waliona uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa, mishipa imetanda pande zote kama miguu ya kaa. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ugumu wake, kama gamba. Ipi ni kweli hasa, mimi sijui."

Kamusi alimtazama. Daktari mzima, mwenye koti jeupe na vyeti ukutani, alikuwa amesema sijui, na hakuna kilichoanguka.

"Ninachokijua ni hiki," daktari aliendelea, sasa akimgeukia shangazi. "Waliotoa jina hilo walitaja walichokiona kwa macho. Hawakuwa na darubini, wala vipimo, wala dawa tulizo nazo leo. Jina linakwambia waliona nini. Halikwambii wewe utapatwa na nini. Uvimbe wako bado mdogo, haujatambaa popote. Tutautoa, kisha utapata dawa. Dawa zitakuchosha, sikufichi. Lakini nina matumaini makubwa. Ungekaa nao mwaka ndani ya nyumba, ningekuwa na maneno mengine."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Lini?" aliuliza.

Alipasuliwa mwezi huohuo. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu: nywele zilimtoka, chakula kilimshinda, na karakana ilinyamaza. Kamusi aliokota pini mpaka sakafu ikaisha pini, kisha akawa anafuta vumbi kwenye cherehani kila jioni. Mkasi mkubwa ulikuwa umerudi ndani ya mtoto wa meza. Siku shangazi alipoketi tena na kukanyaga kibao cha cherehani, alishona mshono mmoja mfupi, akapumzika, akashona mwingine. Vipimo vilikuwa vizuri. Daktari alimtaka arudi mara kwa mara aangaliwe, naye hakukosa siku hata moja.

Ijumaa moja zamu ya Kamusi ilifika tena. Alisimama na neno moja tu, saratani. Alieleza lilikotoka, akaeleza walichokiona wazee wa kale na wanachokiona madaktari wa leo, akahimiza watu wapimwe mapema. Mwenzake wa dawati la nyuma akauliza kwa nini basi watu wa lugha mbili mbalimbali walimwona kaa yuleyule.

"Sijui," Kamusi alisema. "Nitatafuta. Na ile habari ya punda niliyowaambia, niliitunga. Ifuteni."

Wengine walicheka. Makofi hayakupigwa. Mwalimu aliandika swali hilo ubaoni, akasema hata yeye jibu lake halijui, atalitafuta pamoja nao.

Jioni alimsimulia shangazi yote, hata kicheko. Shangazi alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Dole ni lako peke yako. Ulimi ukijikwaa, anaanguka aliyekuamini. Ujuzi ni kama kitambaa, mwanangu. Kata kiasi ulichonacho. Kikiisha, sema kimeishia hapa. Hakuna mtu aliyekufa kwa kuvaa gauni lisilo na mikono."

Aligeuza mkasi, akamnyooshea upande wa mpini.

"Haya, njoo umalizie upande huo. Nimekuazima tu. Wangu bado nautumia."