Picha ya Kiti Kitupu

Picha ya kwanza ilikuwa ya kiti kitupu, na ilikataa kutoka.

Msusi aliinunua kamera ile mtumbani, baada ya kuona wateja wake, mabinti wenye simu zenye kila kitu, wakizirudia zile kamera za zamani zinazotema picha papo hapo. Walizipenda kwa kuwa picha huwa moja tu, haina nakala. Alitaka kila anayesukwa saluni kwake aondoke na yake. Basi asubuhi moja, kabla ya kufungua, alisimama mlangoni akakipiga picha kile kiti cha kuzunguka, kikiwa kimempa mgongo na kutazama kioo. Karatasi ilitoka nyeupe na ikabaki nyeupe.

Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, alikuwa amesikia kwamba picha za namna hii hupenda joto, na kwamba siku za baridi watu huziweka kwapani. Akaisokomeza ndani ya sidiria, akaendelea kuosha vitana. Kosa lake lilikuwa hilo tu, na sijui ni nani kati yetu asingelifanya.

Jioni aliichomoa. Kiti kilikuwa kimetokea. Juu ya egemeo lake palikuwa na kisogo cha mtu, nywele zimefumuka.

Walicheka. "Mteja huyo," Kitinda alisema. "Na kwa nywele hizo, dada, utasuka mpaka uzeeke."

Akairudisha kifuani.

Kesho yake kiti kilichokuwa ndani ya picha kilikuwa kimegeuka kidogo, na sikio likaonekana. Siku hiyo hiyo kiti chenyewe, pale mbele ya kioo, kililia mara moja bila kuguswa, kama kinavyolia mtu anapojiweka sawa. Harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kuzunguka chumbani na hakuna pasi iliyowashwa. Kitinda akaanza kusikia baridi. Alivaa sweta, akaongeza la pili, na jua likiwaka nje vidole vyake vilimshtua kila aliyeshikwa kichwa, hata wateja wakaanza kuomba, kwa adabu, wasukwe na dada mtu.

Msusi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Hakuwa na mwingine. Kwa hiyo alipomkuta adhuhuri moja amejikunyata kwenye kiti kile, midomo imepauka, pumzi ikitoka kama ya mtu aliyeloa mvua usiku kucha, naye alipotia mkono kifuani pake aitoe ile karatasi akakuta ina moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi, huku ngozi iliyoikumbatia ikiwa baridi kama sakafu, na Kitinda akaikinga kwa mikono yote miwili kama mzazi anayekinga kichanga, alielewa kwamba anayechukuliwa ni nani.

"Usimtoe," Kitinda alinong'ona. "Nikimtoa analia. Na bado hajamaliza kugeuka, dada."

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na mbwembwe. Aliuliza jambo moja tu, kwamba picha ililala wapi. Msusi alikuwa ameshashika kiberiti.

"Usichome, mwanangu," alisema mganga. "Moto ndio kwao. Mnyime joto."

Walimshika Kitinda, wakaitoa karatasi, wakaizika kwenye kasha la barafu la muuza soda wa jirani. Kitinda alilia kwa sauti ya chini, isiyo yake. Kiti kikalia, kikanyamaza. Kabla ya magharibi picha ilikuwa imefifia ikarudi nyeupe tupu, na Kitinda alikuwa akitokwa jasho na kuomba chakula. Mganga akaondoka na karatasi ile. Kifuani pa Kitinda, chini ya mtulinga, pakabaki baka jeupe la pembe nne, nao wakalihesabu kuwa alama tu, itafutika.

Joto lilimrudia. Utani ukarudi, na wateja wakamrudia. Kamera ilifungiwa kabatini, mabinti wakanung'unika, wakazoea.

Siku Kitinda alipokuwa akijaribu gauni jipya, alisimama mbele ya kioo akaomba afungwe zipu mgongoni. Msusi aliishika, akainua macho kwenye kioo. Baka lilikuwa limeingia rangi. Kiti kilikuwa pale, dhahiri, kimegeuka chote. Aliyekikalia aliweka mikono mapajani, nywele zake zimefumuka vile vile, akimtazama msusi kwa utulivu wa mteja aliyengoja sana na sasa zamu yake imefika.

"Dada," Kitinda alisema, akitabasamu, "mbona mikono yako ya baridi hivyo?"

"Nilikuwa nashika maji," alijibu msusi, akaipandisha zipu polepole mpaka juu.