Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Jembe la konstebo liligonga ubao.

"Acha," alisema Inspekta Marcel Makoye, akashuka mwenyewe shimoni.

Alipoinua mbao aliona sanda. Ndani yake kulikuwa na maiti ya mwanamume, ya majuma machache tu, fuvu limepasuka kisogoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umepungukiwa kidole, na hapo watu wa Isaka wakamtambua. Alikuwa Zamoyoni, msaidizi wa wapimaji ardhi, ambaye ilisemekana amehamia Mwanza.

Wazee wa Baraza la Taifa la Rufaa za Mipango Miji walivua kofia. Mwaka ule wa 1976 walikuwa wamekuja kwa treni kuamua shauri moja: kama stendi mpya ya malori ijengwe kwenye kiwanja cha Epifania, mjane aliyejulikana kwa jina la Mama Telesphori. Mumewe, Apolinari, alikuwa amezikwa palepale. Juu ya Baraza hapakuwa tena pa kulalamikia.

Asubuhi mwenyekiti alikuwa amemuuliza mama kuhusu tuta la pili kando ya kaburi la mumewe.

"Hilo silijui, mzee," alijibu mbele ya wote. "Wangu ni mmoja."

Maofisa wa mji wakacheka, wakadai ni tuta la kuombea huruma. Ndipo mwenyekiti akaamuru lifukuliwe.

Sasa hakuna aliyecheka. Kabla ya adhuhuri, Telesphori, mtoto wa mjane, alikuwa amefungwa pingu.

"Ulimtishia Zamoyoni?" aliuliza Makoye kituoni.

"Nilimtishia, afande."

"Kwa nini?"

"Alisimika jiwe la mpaka ubavuni mwa kaburi la baba. Nilimtolea panga."

"Mwezi uliopita ulikuwa wapi?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Bugarama."

"Ukifanya nini?"

"Kuchimba."

"Dhahabu? Una kibali?"

"Sina. Nifunge kwa hilo, afande. Kwa hili la Zamoyoni, hapana."

Nje, Mama Telesphori alikuwa amekaa chini, rozari mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu watamnyonga?"

Makoye alichuchumaa kando yake. "Tuta lile uliliona lini?"

"Niliporudi kutoka Ushirombo. Dada yangu Salvina alifiwa, nikakaa naye matanga. Nikadhani ni udongo wa wapimaji."

Makoye alimwamini. Mwenye hila angesema makaburi yote mawili ni yake, na shauri lingekwisha. Mama huyu alisema kweli, na kweli yake ikamtia mwanawe pingu. Dunia hii ina ukatili wake!

Mwenyekiti wa Baraza alimngoja kivulini. "Inspekta, kesho tunatoa uamuzi na kupanda treni. Maofisa wanasema familia ya muuaji haiwezi kuzuia maendeleo. Nitasema nini?"

"Nipe mpaka jioni, mzee."

Daktari wa wilaya, aliyefika kutoka Kahama, alieleza kwa ufupi. Pigo moja, la kitu kizito, butu. Jeraha limezibwa kwa pamba safi. Maiti ina harufu ya karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu wakishaoshwa.

Makoye alikuwa Mkatoliki, lakini alikulia Tabora mjini, na majeneza ya jirani zake Waislamu aliyabeba tangu ujana. Zamoyoni alilazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, ndani ya mwanandani, shimo dogo la ndani ya kaburi, uliochongwa kwa makini na kuzibwa kwa mbao. Muuaji mwenye haraka hufukia. Huyu alizika. Aliyemuua ndiye aliyemlilia.

Na mbao zile zilikuwa na rangi ya kijani upande mmoja.

Rangi hiyo aliikumbuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, kwa Akida, kaka yake Zamoyoni. Ndani kulikuwa na mabenchi ya kijani. Pembeni, miguu ya benchi moja ilisimama bila kikalio.

"Shikamoo, Mzee Akida."

"Marahaba, Inspekta. Chai?"

"Hapana. Pole kwa msiba."

"Ndiyo kazi ya Mungu."

"Ulisema mdogo wako yuko Mwanza."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Daktari amemaliza. Utamwosha kesho?"

Akida alifuta meza iliyokwisha kufutwa. "Ameshaoshwa."

"Na kusaliwa? Watu wa msikitini wanauliza. Hawataki azikwe tena bila kusaliwa."

Kitambaa kilisimama. Akida angeweza kusema hajui. La kuvunda halina ubani, lakini sala ya mdogo wake hakuweza kuikana.

"Alisaliwa," alisema. "Na mimi. Peke yangu."

Akaketi, akalia waziwazi. Makoye alimwonya kwa mujibu wa sheria kwamba maneno yake yataandikwa. Hakunyamaza.

"Stendi ilipangwa hapa, Inspekta. Hoteli yangu ilikuwa ibomolewe. Nilimsihi mdogo wangu ahamishe mawe ya mpaka, akayasimika kwa mjane. Tuliposikia Baraza linakuja, akasema, 'Kaka, nitasema kweli. Siwezi kumtoa mama wa watu kwenye kaburi la mumewe.' Nilikuwa natwanga iliki. Nikampiga kwa mchi. Mara moja tu, Inspekta. Mara moja."

"Pori lote hili. Kwa nini ukamzika kwa mjane?"

Akida alijifuta macho. "Kwa sababu yule mama hatoki. Nilijua atampigania mumewe mpaka mwisho. Sikutaka malori yapite juu ya mdogo wangu."

Jioni Telesphori alifunguliwa pingu. Makoye alimwambia aachane na Bugarama mpaka awe na kibali, basi.

Asubuhi Baraza lilikubali rufaa na kuamuru mawe yarudishwe yalikokuwa. Mwenyekiti alimgeukia mjane. "Mama, kiwanja ni chako. Shimo lile litafukiwa. Marehemu atapelekwa makaburi ya mji."

Mama Telesphori alilitazama shimo, kisha kaburi la Apolinari. Alikuwa ameelezwa yote usiku uliopita.

"Alikufa akitaka kunisemea," alisema. "Mrudisheni palepale. Nami nitampigania."