Chupa ya Mama Pacha

Kila Jumamosi jioni, gereji ilipofungwa, Chiriku alikuwa na kazi zake. Alifagia sakafu, akapanga spana ubaoni, kisha akabeba debe la oili chafu hadi nyuma ya nyumba na kuimwaga kwenye shimo karibu na uzio. Oili ilizama polepole kama uji mweusi. Mahali pale hapakuota hata jani moja.

Walimwita Chiriku kwa sababu akianza kusema, hakuna aliyejua atanyamaza lini. Lakini Jumamosi moja alikung'uta debe akiwa ameinamisha kichwa. Ng'ambo ya uzio walisimama mapacha wa jirani, mikono wameikunja kifuani.

"Mwaga tu," alisema pacha wa kike. "Wanywaji tupo."

"Binti wa oili!" akadakia ndugu yake. "Usikanyage tena kwetu!"

Mama yao alitoka na ndoo mkononi. Alikuwa mshonaji, mjane, na wote walimwita Mama Pacha.

"Mzee Spana!" aliita. "Hebu njoo uyaone maji ya kisima changu. Yanang'aa kama mgongo wa samaki! Mwanangu ametapika wiki nzima, muuguzi anasema ni maji, na wewe umejifanya kiziwi."

Baba yake Chiriku alitoka akifuta mikono kwa tambaa.

"Mama Pacha, wivu utakumaliza. Nikiezeka nyumba, kisima chako kinaugua. Nikinunua pikapu, wanao wanatapika. Kwani mimi ndiye ninayewapikia?"

"Na mzee wa kanisa ndiye wewe!"

"Ndiyo, na Mungu ananibariki. Binadamu alipewa dunia aitawale. Ardhi hii nimeinunua mwenyewe. Hata nikimwaga moto, namwaga kwangu."

Mama Pacha aliitupa ndoo ile ukutani, akaingia ndani. Mzee Spana akamgeukia binti yake.

"Na wewe, mdomo huo ufunge. Habari za shimo zisitoke hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Kesho yake kanisani, ulipofika wakati wa ushuhuda, Mzee Spana alisimama mbele, suti imempendeza. Alimshukuru Mungu kwa pikapu mpya.

"Ukiona mtu ana mali," alisema, "ujue Mungu yuko upande wake!"

"Amina!" watu wakaitikia.

Kabla hajarudi kuketi, Mama Pacha alikuwa ameshafika mbele, chupa ya maji mkononi.

"Na mimi nina ushuhuda. Haya yametoka kisimani kwangu. Ndugu huyu anasema shida yangu ni wivu. Basi ayanywe. Akiyamaliza, nitampigia magoti hapa hapa mbele yenu."

Watu waligeukiana. Kisha sauti ikatoka kwa waimbaji: "Kunywa, mzee, tuione hiyo baraka!" Baadhi wakacheka.

Mchungaji aliinuka kuzuia, lakini Mzee Spana alikuwa ameshaipokea chupa. Jasho lilimtiririka. Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa hadharani. Akafungua kifuniko.

Chiriku aliona utando wa rangi ukizunguka juu ya maji. Aliujua. Alikuwa ameumwaga kwa mikono yake mwenyewe. Akisema, atamwaibisha baba mbele ya watu wote. Akinyamaza, baba atakunywa.

"Baba, usinywe!" alipiga kelele. "Ni oili! Ni ile tunayomwaga shimoni! Baba, tafadhali!"

Mzee Spana aliishusha chupa. Hakumtazama mtu.

"Mnafiki!" mmoja akafoka. "Mvueni uzee wa kanisa! Mtoeni nje!"

Mama Pacha alikuwa akilia, na machozi yake yalikuwa ya hasira.

"Nyamazeni!" Mchungaji naye alikuwa amekasirika. "Sasa mnafoka? Amina ile aliitikia nani? Tunasifu mali bila kuuliza imemwagikia nani. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Nani aliwaambia kutawala ni kuharibu? Na wewe, mzee, keti. Uongozi umeuweka chini tangu leo."

Nyumbani, Mzee Spana alijifungia chumbani. Chiriku alikula peke yake. Mwishowe baba akamwita.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Kwa nini?"

"Niliogopa utakufa, baba."

Mzee Spana alilivua koti la suti, akalikunja magotini.

"Mimi ningekunywa mara moja tu," alisema hatimaye. "Wale watoto wanakunywa kila siku. Wewe uliniogopea mimi. Mimi sikuwaogopea wao."

Wiki hiyo alilichimbua shimo lote. Udongo mweusi na oili aliviweka kwenye mapipa yenye vifuniko, na gari la wakusanya taka za gereji likayachukua. Kisima cha jirani kilifungwa. Aliahidi kuchimba kingine upande wa juu, akaanza kukichimba. Wakati huo wote, pikapu ile ya ushuhuda ilileta maji safi mlangoni kwa Mama Pacha kila asubuhi. Pacha mgonjwa aliacha kutapika.

"Weka hapo," Mama Pacha alimwambia Mzee Spana kila mara. "Na usinisalimie. Sijakusamehe."

"Sawa, mama," alijibu, akafuata dumu lingine.

Siku moja Chiriku alishindwa kuvumilia. "Baba, anakufokea kila siku. Mbona humjibu?"

Mzee Spana alitua dumu chini, akashika kiuno.

"Nimjibu nini, mwanangu? Anasema kweli. Mali ni dhamana tu. Ardhi ina Mwenyewe, nami ni mtunzaji wake. Siku akiniita nitoe hesabu, hataanza na pikapu. Ataanza na maji ya jirani yangu. Haya, shika huku tubebe."