Verlene wa Safu ya Tatu

Ijumaa saa sita mchana, duka la samaki wa kukaanga la Mtaa wa Sabini na Tano, Chicago, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mafuta yanachemka, watu wameshika vikaratasi vya namba, na muuzaji anaziita kama mtu wa mnada. Katikati ya msongamano huo alisimama mzee mmoja. Mgongo umepinda, koti la kahawia limemzidi, kofia imemlalia nyusi, na magoti yanatetemeka kiasi cha kumtia mtu majaribuni amshike mkono.

Verlene Odom hakustahimili. Alikuwa na miaka hamsini na minne, amevaa gauni la zambarau na hereni za kuning'inia, na tumbo lake lilikuwa likilalamika tangu asubuhi.

"Baba, shika namba yangu utangulie. Mimi bado msichana."

"Mungu akuzidishie, binti yangu," mzee akakoroma. Akapokea samaki wake, akajikokota hadi nje.

Basi likatokea kona ya pili. Mzee akanyooka kama mlingoti, akatimua mbio.

"Wewe!" Verlene akatoka nyuma yake. "Tapeli mkubwa! Rudisha uzee wako hapa!"

Basi likaondoka bila yeye. Akavua kofia, na chini yake alikuwapo mwanamume wa miaka hamsini na saba, mtanashati tu, aibu imemjaa usoni.

"Samahani, bibie. Lucius Peavey. Mimi ni mwigizaji, nilikuwa nafanya mazoezi."

"Ya kuiba zamu za watu?"

"Ya uzee. Naigiza mzee wa jazi, mpiga saksofoni. Anaitwa Ezell Tubbs. Mchezo mzima niko jukwaani peke yangu."

"Saa nzima? Hata wa kukugongea mlango hayupo?"

"Saa moja na nusu. Hayupo."

"Maskini wewe. Na mdomo umekosea." Verlene akamsogelea. "Mimi natengeneza meno ya bandia, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nusu ya wapiga tarumbeta wa huku kusini mwa jiji wanatafunia kazi yangu. Mpulizaji aliyeng'oka meno ya mbele anaficha mdomo wa chini. Hivi." Akamgusa mdomo kwa kidole.

Hapo Lucius hakukumbuka tena basi wala samaki. Akatoa tiketi mfukoni. "Jumatano, saa nane mchana. Njoo unikosoe vizuri."

Jumatano ile ukumbi wa viti tisini ulikuwa na watazamaji kumi na mmoja, wawili wamesinzia. Lucius alishazoea. Nyumbani kwake, ghorofa ya nne, alikuwa na sahani moja juu ya sinki, na redio aliyokuwa akiiacha inaongea kila anapotoka, ili akirudi akute sauti ya mtu. Mkewe wa zamani alihamia Atlanta siku nyingi. Kazini anaongea na kiti kitupu, nyumbani anaongea na redio. Kati ya viwili hivyo, kiti kilikuwa msikivu zaidi.

Ezell wa kwenye mchezo ana miaka sabini na tisa. Saksofoni yake imelala kitandani, haipuliziki tena, na yeye anakisimulia kiti cha marehemu mkewe habari za mabendi, treni na wanawake aliowakosea. Karibu na mwisho anakiuliza kiti, "Bado upo?" Kinafuata kimya, na taa zinafifia.

Siku hiyo kimya hakikufuata.

"Nipo, baba! Endelea!" ilisema sauti kutoka safu ya tatu.

Watu wakacheka, waliolala wakaamka. Lucius akageuka kutoka kwenye kiti, akaitazama safu ya tatu. Miezi mitano alikuwa akiuliza swali lile, na hakuna aliyewahi kumjibu.

Tangu hapo Verlene akawa haji ukumbini kutazama, anakuja kushiriki. Ezell akijisifu, yeye: "Hapo umeongopa!" Ezell akilia: "Taratibu, mpenzi." Watazamaji nao wakafunguka kama wako kanisani kwao wanamwitikia mchungaji. Viti vikajaa. Na simu kati yao zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Biskuti."

"Biskuti si chakula, Lucius. Kesho nakuletea kunde, na ukinirudishia bakuli bila kutia chako kidogo ndani, tutagombana."

Mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, matamu, mpaka mtayarishaji mmoja wa New York alipotuma salamu kwamba Jumapili angekuja kuuona mchezo. Akiupenda, ungechezwa kule wiki sita. Lucius hakulala siku mbili. Siku ya tatu akashika simu, na akafanya ujinga ambao hata mimi ninayewasimulia nilitamani kumnyang'anya hiyo simu.

"Verlene, malaika wangu. Jumapili... nilikuwa naomba... ungekaa kimya kidogo."

"Kimya?"

"Wale ni watu wa New York, wanapenda utulivu. Siku moja tu."

"Sawa," alisema Verlene. Mwanamke mwenye maneno mengi akikujibu kwa neno moja, anza kutafuta pa kujificha. Lucius akasema, "Asante, mpenzi."

Jumapili Verlene alikuja amevaa suti ya kijivu. Mikono kwenye mapaja, midomo imefungwa. Watu wengine walipomwona ametulia, wakatulia pia. Lucius akafika kwenye swali.

"Bado upo?"

Ukumbi kimya. Akasubiri. Akasubiri tena, mpaka fundi wa taa akadhani amesahau maneno.

Mtayarishaji alitoka na machozi. "Ule upweke!" akasema. "Ule upweke mwishoni! Umeuigiza namna gani?" Mkataba ukatolewa palepale. Lucius aliutia sahihi huku macho yakiitafuta suti ya kijivu. Ilikuwa imeshaondoka.

Siku nane Verlene hakupokea simu. Siku ya tisa, saa sita mchana, Lucius akaenda karakanani kwa Verlene. Alimkuta amevaa aproni, ameinamia taya za bandia za nta ya rangi ya waridi, kisu kidogo mkononi.

"Nina kazi," alisema bila kuinua uso. "Mzee Purnell anamwozesha mjukuu Jumamosi. Hawezi kupigwa picha akiwa na mapengo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Rufus, marehemu mume wangu, alikuwa akinifinya kila nikimwitikia mchungaji. Miaka kumi na tisa, Lucius. Nilipomzika nilijiambia, sitafinywa tena. Wewe umenifinya kwa simu."

"Sitakwenda New York. Nitawaambia sitaki."

"Usinitwishe huo mzigo. Nenda."

"Twende wote. Au utanisubiri, basi? Tuoane, Verlene! Leo hii, kabla sijaondoka!"

"Wakati wa chakula cha mchana?" Karibu acheke, akajizuia. "Na mimi sisubiri mtu tena. Nitakuwa hapa naishi. Halafu hebu acha kuongea na mimi kwa sauti hiyo."

"Sauti gani?"

"Ya Ezell. Tangu umeingia unakoroma. Siku zote unaniongelesha kwa sauti yake. Ya kwako sijawahi kuisikia."

Kweli, Lucius hakujua alianza lini. Mkoromo ule ulikuwa na joto, ulikuwa na watu ndani yake. Akajaribu upya, na kilichotoka kilikuwa chembamba, kinatetemeka, kama cha mvulana aliyeitwa mbele ya darasa.

"Naogopa kurudi nyumbani," alisema. "Nikiingia, hakuna anayejua kama nimeingia."

Kisu kikatua mezani. Verlene akainua uso.

"Kumbe una sauti nyembamba namna hiyo."

"Ndiyo."

"Mbaya kweli." Akafuta mikono kwenye aproni. "New York utakwenda. Kila siku muda kama huu utanipigia, na usiniletee Ezell kwenye simu yangu. Ukirudi, ndipo uniulize habari za kuoana. Sikuahidi jibu."

"Sawa."

"Umekula?"

"Sijala."

Akavuta kigoda cha pili. Akakata mkate wake uliojazwa kuku vipande viwili, akazisogeza taya za mzee Purnell pembeni, na mezani pakapatikana nafasi.