Unyayo Uliobaki Shimoni

Jua lilikuwa limezama nyuma ya migomba ya jirani yake, Sadoki Halinga, na umande wa Agosti umeanza kushuka, Osea Mwashiuya alipotoka kwenda kufunika kahawa.

Ilikuwa kazi ndogo. Kahawa iliyokwisha menywa huanikwa juu ya vitanda vya wavu, na jioni hufunikwa turubai isije ikalowa. Mtu mwenye miguu miwili huimaliza kwa dakika tano. Osea, mwenye miaka sabini na moja na gongo moja, alihitaji nusu saa.

Mwishoni mwa Mei alikuwa ametumbukia katika shimo la maganda ya kahawa, hapo hapo shambani kwake Isansa, na kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Hospitali walimfunga hogo la plasta. Baada ya wiki saba likakatwa, mfupa ukiwa umeunga vizuri. Lakini mguu uliotoka humo haukuwa na habari na mwenyewe. Kutoka kifundoni hadi kwenye vidole ulikuwa ganzi tupu. Akiukanyagisha chini, ilikuwa kama kukanyagisha gogo.

"Mishipa ya fahamu ilibanwa na uvimbe, mzee," muuguzi Imelda alimweleza. "Itaamka polepole. Kwa sasa mguu huu hauna mlinzi isipokuwa macho yako. Kila jioni vua soksi, tazama unyayo kwa kioo. Usiukande kwa maji ya moto. Usiusogeze motoni. Utaungua na hutajua."

"Na ukiamka nitajuaje?"

"Utahisi kama sisimizi wanatembea."

Osea aliyaandika maagizo hayo kwenye daftari, na tangu siku hiyo hakuacha jioni hata moja.

Sasa alikuwa anaivuta pembe ya mwisho ya turubai.

Kitu cha baridi kikamgusa unyayo wa kulia.

Akasimama, hakuthubutu hata kupumua. Baridi ilipanda hadi katikati ya wayo, ikapenya katikati ya vidole... Maji. Chini ya maji kulikuwa na kokoto. Alizihesabu kwa ngozi, moja moja, akacheka peke yake kizani kama mtoto.

"Mama Emanueli! Njoo! Mguu umeamka!"

Mkewe, Tukuswiga, alikuja mbio na tochi ya simu. Alimkalisha kwenye kigoda, akamvua kiatu, akamvua soksi.

Soksi ilikuwa kavu.

"Maji gani, Baba Emanueli? Hapa vumbi tupu."

"Nayahisi. Sasa hivi yameisha. Sasa ni majani... majani yenye umande."

Tukuswiga aliinama juu ya mguu ule. Alikaa hivyo kitambo.

"Unahisi?"

"Nahisi nini?"

"Nimekuchoma kwa pini ya kanga yangu. Mara tatu."

Osea hakuhisi pini. Mguu wake ulikuwa umetulia juu ya goti la mkewe, mweupe kwa vumbi. Lakini unyayo ulikuwa unakanyaga. Hatua moja. Kimya. Hatua moja. Kimya. Haukupokezana na mguu mwingine wowote. Ulikuwa mwendo wa mtu anayeruka kwa mguu mmoja, gizani, mahali pasipo na njia.

Kesho yake asubuhi Sadoki alikuja kusaidia kugeuza kahawa. Wawili hao walikua pamoja, na Sadoki hakuwahi kumwacha salama.

"Mzee wa kanisa! Bado unatembea kama jogoo aliyefungwa kamba?"

"Nyamaza, Sadoki. Kaa hapa nikueleze."

Akamweleza. Sadoki alianza kwa kucheka. Kokoto zilipotajwa, akaacha kucheka. Mwendo wa mguu mmoja ulipotajwa, akaweka chini reki ya mbao.

"Osea, siku ile ulipoanguka, nani aliufuta unyayo wako?"

Katika ukoo wa Mwashiuya, mtu akiumia mguu shambani, ndugu hurudi pale kabla ya giza na kuufuta unyayo wake wa mwisho kwa tawi la mkahawa. Ni Osea mwenyewe aliyekuwa ameuita mtindo huo ujinga, tena mbele ya kwaya nzima. Siku ile watu walikimbilia kutafuta gari. Hakuna aliyerudi.

"Nilirudi mimi, kesho yake," Sadoki alisema kwa sauti ya chini. "Nikaukuta umechukuliwa."

"Umechukuliwaje?"

"Umekatwa kwa jembe pande zote nne, kama kipande cha mkate. Vidole, kisigino, vyote vimekwenda. Likabaki tundu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza kama mimi ni Mkristo."

Mchana huo Tukuswiga alimpigia simu shangazi yake, Gwantwa, aliyekuwa Ikinga kule Ileje, akaweka sauti ya nje ili mumewe asikie. Bibi huyo hakuonyesha kushangaa.

"Mtu aliuchukua ili ampe asiye nao," alisema. "Sasa umemponyoka. Unarudi kwa mwenyewe, mkwe. Usiufungie mlango. Wekeni karai la maji baridi kizingitini, kama mnavyomwekea mgeni aliyetoka mbali. Kaa kimya mpaka uingie. Utauona mguu wako umepona."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Na mimi ni mjumbe wa akina mama, Ikinga yote inanijua. Lakini mguu si wangu."

"Na nisipoufungulia?" Osea aliuliza, japo hakutaka kuuliza.

Simu ilikoroma kidogo.

"Mguu utatafuta mwenyewe mwingine."

Jioni hiyo ulifika shambani. Osea, akiwa amekaa jikoni, aliuhisi ukipita kati ya mikahawa, juu ya majani makavu. Aliitambua mistari ya shamba lake kwa kila jiwe. Kisha ardhi ikalainika. Ikawa ya uvuguvugu, yenye utelezi... Ulikuwa umefika shimoni. Ukasimama pale ukingoni muda mrefu, vidole vikiwa vimejikunja, kama unaogopa kuanguka tena.

Osea alilia usiku huo, lakini si kwa hofu. Alikuwa na hamu na mguu wake. Alitaka kuhisi udongo wakati wa palizi. Alitaka kushuka hadi kijitoni bila kutazama chini kila hatua. Alimwambia mkewe: "Kesho weka hilo karai."

Kesho yake, jua lilipogusa migomba, Tukuswiga aliweka karai la maji baridi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akauacha mlango wazi. Wakakaa jikoni. Jikoni hapakuwa na mwanga isipokuwa makaa.

Saa kumi na mbili na nusu...

Hatua moja.

"Uko wapi?" Tukuswiga alinong'ona.

"Umetoka shimoni. Umepita vitanda vya kahawa."

Hatua moja.

"Na sasa?"

"Uwanjani. Pale ulipofagia."

Ndipo waliposikia kwa masikio. Hadi hapo lilikuwa jambo la unyayo wake peke yake. Sasa nje, gizani, kitu kizito kiliangukia udongo uliofagiwa. *Tup*. Kimya. *Tup*. Harufu ikatangulia kuingia: harufu kali ya maganda ya kahawa yaliyooza shimoni miezi miwili. Mbwa wa Sadoki, ng'ambo ya ua, alibweka mara moja, kisha akanyamaza.

*Tup*.

Osea alihisi saruji ya ngazi chini ya wayo. Saruji baridi, yenye ule ufa wake karibu na ukingo. Alikuwa ameupiga lipu mwenyewe, kwa mikono yake. Hapakuwa na shaka tena. Ulikuwa mlangoni.

Maji ya karai yakatikisika.

"Tulia, Baba Emanueli," Tukuswiga alinong'ona. "Tulia hivyo hivyo..."

Lakini mlangoni hapakuwa na mguu tu.

Juu ya mguu, pale mtu anapopaswa kuwa, giza lilikuwa zito kuliko giza la uwanjani. Lilikuwa na kimo cha Osea. Liliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama yeye anavyoinamisha anapotaka kusikia vizuri.

Ujasiri ukamwishia. Aliinuka bila gongo, akachota makaa kwa koleo, akayamwaga yote kizingitini.

Unyayo ukakanyaga moto.

Osea alipiga ukelele, akaanguka chali. Karai likapinduka, maji yakachemka juu ya makaa. Na katika ule moshi Tukuswiga alisikia vilio viwili: kimoja cha mumewe sakafuni, na kimoja nje, mlangoni.

Vilikuwa sauti moja.

Asubuhi waliona alama juu ya ngazi. Wayo mmoja wa kulia, wa tope jeusi, vidole vikielekea ndani. Pembeni yake wayo ule ule, vidole vikielekea nje. Tukuswiga alichukua kioo akamtazama mumewe chini ya mguu. Malengelenge yalikuwa yamejaa kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Soksi aliyolala nayo haikuwa na hata tundu.

"Mlikanda kwa maji ya moto," muuguzi Imelda alisema, huku akisafisha kidonda. "Au ulikanyaga makaa usijue. Wote huwa mnakataa. Nilikuonya, mzee."

"Ulinionya," Osea alikubali.

"Unahisi ninapogusa?"

"Hapana."

Kidonda kilipona kufikia Oktoba. Ganzi haikuondoka. Osea anafanya yote aliyoagizwa: anavua soksi, anatazama kwa kioo, anatikisa kiatu kabla ya kuvaa. Mlango wa nyuma hulala wazi kila jioni, na karai lipo pale, na Tukuswiga hubadilisha maji. Hakuna kinachokuja.

Lakini saa kumi na mbili na nusu bado anahisi. Huandika anachohisi kwenye daftari, chini ya tarehe. *Vumbi la barabara. Unachechemea.* Wiki iliyofuata: *Mchanga wa moto, miiba. Nadhani ni Momba.* Kisha: *Lami. Inatetemeka. Malori mengi yamesimama, injini zinawaka. Ni Tunduma, mpakani.* Alikuwa amepita hapo mara nyingi mno, hawezi kukosea.

Kwa siku sita hakuna alichoandika isipokuwa: *Umesimama.*

Jana jioni Tukuswiga alimkuta amekaa kigodani, mguu wa kulia juu ya goti, mtupu, akiutazama.

"Nini, Baba Emanueli? Unarudi?"

Alitikisa kichwa. Alikuwa akihisi ngozi mpya, ngumu kisiginoni, iliyobana kidogo kwenye vidole. Kilikuwa kiatu. Kisha juu ya wayo, kwa upole, vidole vya mtu asiyemjua vikaanza kukaza kamba.