Koti Dogo la Darajani

Mwenye moyo mwepesi afunge dirisha kwanza, ndipo tuanze, maana mambo yenyewe yalianza kwa mikono kuzidi.

Kinyozi alikuwa akiendesha pikipiki, mvua ikimpiga kifuani. Mkewe nyuma alikuwa amemshika mabegani, kama alivyozoea tangu enzi za uchumba. Mikono miwili, yote mabegani. Sasa ni nani aliyemshika mkanda wa suruali?

Alidhani kamba ya mizigo imelegea. Akapapasa, akakuta vidole vidogo vya baridi, navyo vikakaza. Nusura pikipiki iingie mtaroni.

"Vipi?" mkewe akamwuliza sikioni.

"Utelezi tu, mke wangu."

Watu waliwacheka siku walipofunga kibanda chao ili wasafiri, nusu kinyozi, nusu cherehani. Shemeji mtu alisema wenzao wakipata nafasi hulala, wao wanakwenda kuoga mvua njiani. Hakujua. Au alijua, akaona afadhali kutania. Mtoto wao wa pekee, waliyempa jina la Kasuku kwa kusema kwake bila kituo, alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliopita, na nyumba ikawa kimya hata wenyewe wakaanza kunong'onezana. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakucheka wala kulia tangu mazishi. Alishona tu. Kinyozi akaona heri wapande pikipiki wavuke mipaka, nchi hata nchi, huenda upepo ukamtoa mkewe lile jiwe kifuani.

Asubuhi hiyo, kabla ya vile vidole na kabla ya mpaka wa pili, walikuwa wamefika kwenye daraja la mbao. Fundi akamwomba asimame. Akatoa mzigoni koti dogo la mvua, la manjano, alilomshonea mwanawe na ambalo mwanawe hakuwahi kulivaa. Akalitundika kwenye kingo za daraja.

"Mwenye kulihitaji alichukue," alisema.

Nia njema, nani atamlaumu? Ila nguo ya marehemu haiachwi juu ya maji kwa maneno kama hayo. Kuna wanaosikiliza.

Mpakani, ofisa wa uhamiaji aligonga mihuri, kisha akachungulia dirishani akakunja uso. "Mtoto mnamwacha kwenye mvua? Wazazi gani nyie?"

Kinyozi aligeuka. Nje palikuwa na pikipiki na mizigo, basi. Jasho likamtoka ndani ya nguo zilizolowa. Alipomtazama mkewe, akamkuta anatabasamu.

"Kumbe si mimi peke yangu ninayemwona," Fundi akanong'ona.

Kutoka hapo Fundi alikuwa mtu mwingine. Alicheka. Aliimba. Aliongea njia nzima, na Kinyozi, macho kwenye ukungu, akawa anasikia baina ya mgongo wake na kifua cha mkewe kijisauti kikijibu, na harufu ya tope la mtoni na maziwa yaliyochacha ikimpanda puani, na maji ya baridi yakimchuruzika kiunoni hata mvua ilipokatika, na kila alipotaka kusimama akaogopa kwamba akisimama atalazimika kutazama.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, Fundi hakugusa chakula. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi. Kinyozi akamsugua miguu, haikupata joto.

"Usinikatalie, mume wangu," alisema. "Leo mwanetu kacheka."

Mama mwenye nyumba alikuwa akijiwa na wengine kwa chumba, na wengine kwa kuaguliwa. Alileta jiko la makaa, akaliweka karibu na Fundi, na makaa yakazimika. Alimvuta Kinyozi jikoni.

"Baba, hilo ni jini la mto. Linamnywa mkeo joto. Linatafuta mtu wa kuliitikia, basi. Mkeo ndiye aliyelivika nguo, yeye ndiye wa kulivua, pale pale alipoiacha, na kulikana. Na likiita, asiitike mtu. Atakayeitika amelichukua."

"Akikataa?"

"Utarudi na mzigo mgongoni, baba yangu."

Kulipokucha alimweleza mkewe, naye akamtazama kama adui.

"Nilimzika. Haitoshi? Leo nimkane?"

Kinyozi akalia mbele yake, kwa sauti, bila haya. "Nimezika mmoja. Nikikuzika na wewe, mimi nitazikwa na nani?"

Fundi akasimama. Kisha akavaa viatu.

Walirudi kuvuka mpaka, wakafika darajani ukungu umelala juu ya mto. Lile jini lilikuwa limewatangulia. Lilisimama kwenye kingo, koti la manjano limefungwa vifungo vyote, kofia imefunika uso, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka ndani ya mikono ya koti.

"Mama, nimelowa," lilisema, kwa sauti ileile ya Kasuku.

Fundi alipiga magoti. Akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, taratibu, kama mama anayemwandaa mwanawe kuoga, na huku lile jini likimwita mama, mama, mama, likimkumbusha wimbo wa kulalia na kidonda cha gotini na siku ya homa, yeye akauma mdomo hadi damu ikatoka, asiitike.

"Wewe si wangu," akasema mwishowe. "Wangu nimemzika mimi."

Akalivuta koti. Ndani hamkuwa na mtu, ila maji, yakamwagika mbaoni na kushuka mtoni.

Hapo ndipo Fundi alipolia. Kilio cha mwaka mzima, cha kugaagaa. Kinyozi akamkumbatia, akayahisi machozi yake shingoni, ya moto, akamshukuru Mungu.

Kisha chini ya daraja, polepole, kijisauti kikaita:

"Baba?"

Mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo kwa sauti hiyo.

"Naam, mwanangu," Kinyozi alisema, kabla akili haijamfikia. Fundi, katika kilio chake, hakusikia.

Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, mashavu ya Fundi yalikuwa yamerudiwa na rangi. Alimshika mumewe bega.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi tu, mke wangu."

Akapanda pikipiki, akasogea mbele mpaka magoti yakagusa usukani, akaacha nafasi ya mtoto nyuma yake.